Paundi Sabini za Sadala

Jumatatu, 16 Juni 2025. Kabuku.

Kuanzia leo naandika kila kitu, ili nikishakuwa mtu mkubwa watu wasije wakabuni. Baiskeli imekwenda, upinde umekuja. Nimebadilishana na mpishi mstaafu wa kambi ya wawindaji. Si upinde wa babu huu. Ni wa kizungu, wa chuma, vigurudumu viwili, kamba zinapishana. Jumamosi kuna majaribio Korogwe. Kampuni ya uwindaji wa kitalii inataka mwongozaji msaidizi anayejua upinde wa namna hii. Mmoja tu. Huyo ni mimi.

Mpishi kanieleza habari ya uzito. Kuna bolti mbili, juu na chini. Ukizikaza, kamba inakuwa nzito kuvuta. Ukizilegeza, nyepesi. Huu wangu unaanzia paundi arobaini, unaishia sabini. Akanishauri nianze na arobaini na tano. Nikamuuliza kule kambini alikuwa anawinda nini. Akasema alikuwa anapika wali. Basi apike wali.

Nimepiga hesabu. Paundi sabini ni kilo thelathini na mbili. Gunia la mahindi la kilo mia nalibeba mgongoni toka shambani hadi barabarani. Kwa hiyo sabini ni theluthi ya gunia. Nimekaza bolti zote mpaka mwisho.

Hafsa, mke wangu, kasikiliza yote huku anachambua choroko. Kasema sawa. Ila nikikosa kazi hii, Jumatatu ijayo nakwenda Mkumbara kwenye mashine ya kusaga ya mdogo wake, Munira. Kachoka na mipango yangu. Eti ule mpango wangu wa kufuga nyuki peke yake ulimtosha.

Munira ni shemeji yangu, yaani mtani wangu. Kila neno analonitupia ni halali, na mimi kununa ni aibu. Nikimwona siku ya Idi tu nachoka wiki nzima. Kumfanyia kazi, hapana.

Jumanne, 17 Juni.

Haukuvutika. Nimejaribu nimesimama. Nimejaribu nimeweka mguu kwenye kisiki. Mwisho nimegundua siri: unaelekeza mshale mbinguni, kisha unashuka nao huku unavuta kwa tumbo. Ukaja hadi karibu na shavu. Halafu mshale ukaondoka bila ruhusa yangu.

Kaurudisha Nelson, jirani yangu, Mmasai mwenye ng'ombe. Kanisalimia kwa adabu, kaniuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Kisha kasema mshale umeangukia kwenye birika la kunyweshea. Ng'ombe hawajaumia, ila wamekataa maji.

Naye anakwenda Korogwe! Kaazima upinde, kauweka paundi hamsini. Kasema anakaa kwenye kigoda, ananyoosha mkono mbele, anavuta polepole. Ukishindwa hivyo, upinde si wako, maana swala hasubiri mtu apigane mieleka. Nimemwonea huruma. Mtu mzima, na hamsini zake.

Jumatano, 18 Juni.

Bega. Siwezi kufunga kifungo cha shati. Hafsa kanikanda kwa maji ya moto bila huruma yoyote. Mchana nimekula ugali kwa mkono wa kushoto, mbele ya mjomba Hiza. Kasogeza tu sinia upande wake.

Alhamisi, 19 Juni.

Akili ni nywele. Nimekwenda nyuma ya jiko, nimelegeza bolti zote mbili. Kisha kwenye upinde nimeandika 70, kwa rangi ya kucha ya Hafsa. Nyekundu, inasomeka toka barabarani. Nani atapima?

Nimejaza maganda ya mahindi kwenye kiroba, nikahesabu hatua ishirini na tano. Mishale mitano, yote ndani. Nimekaa kwenye kigoda kama Nelson, nikavuta polepole, bega limetulia. Moyo ukaniambia hii ndiyo saizi yangu. Nimeuambia unyamaze.

Ijumaa, 20 Juni.

Munira kaja na unga wa dada yake. Kaona upinde, kasoma sabini, kauchukua. Kauvuta hadi shavuni, akatulia nao huku anaongea na Hafsa habari za harusi. Kisha kaniuliza, shemeji, hizi sabini zako zinafunga? Mbona zimekonda hivi? Kasema nisihofu, hatamwambia mtu. Pale mashineni keshanifagilia mahali.

Nimecheka kama desturi inavyotaka. Moyoni nawaka.

Jumamosi, 21 Juni. Korogwe.

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Tulikuwa kumi na wawili. Msimamizi, bwana Raymond, kaweka kigoda, na mbele yake swala wa maboksi. Unakaa, unavuta polepole, unatulia, unapiga. Wengi walikuja na pinde nzito. Mmoja alivuta akajamba, akaondoka bila kuaga. Nelson kapata minne kati ya mitano.

Mimi nimepata yote mitano. Kifuani. Watu wakapiga makofi.

Ndipo Raymond akaleta mizani ya kuning'iniza, ile ya wanunuzi wa mahindi. Katundika kamba ya upinde kwenye ndoano, akauvuta chini. Kilo ishirini. Akatangaza kwa sauti, paundi arobaini na tano hivi. Nikatamani ardhi ipasuke.

Lakini alikuwa anatabasamu. Kawaambia wote wanitazame, huyu ndiye mtu anayejua nguvu zake. Ile 70 alidhani ni namba ya bahati. Katoa kalamu, kaandika jina langu, akaniuliza la baba.

Nelson, na adabu zake, akaja kunipa mkono. Hongera, mzee Sadala, uzito nimekuzidi paundi tano, lakini shabaha umenizidi.

Kunizidi. Nelson.

Nikamwambia Raymond bolti zimelegea njiani kwa mtikisiko wa basi, kawaida yangu ni sabini. Akasema haina haja. Nikasema haja ipo. Nikakaza mwenyewe, watu wanaona. Nikakaa. Nikavuta.

Kigoda ndicho kilichotangulia kuanguka. Bega likafuata. Mshale umekutwa kwenye tairi la gari la kampuni.

Raymond kanisaidia kuinuka, kanipa pole kwa dhati kabisa. Kisha kafuta jina langu, kamgeukia Nelson, kamuuliza jina la baba. Saning'o, kasema Nelson. Kaandika.

Jumatatu, 23 Juni. Mkumbara.

Mkono umefungwa shingoni. Munira kanitafutia kazi ya mkono mmoja. Nakaa kando ya mizani nawasomea wateja uzito wa mahindi yao. Tangu asubuhi, kila bibi anayekuja na kindoo chake, Munira anauliza toka ndani, shemeji, hizo ni sabini? Nacheka.

Saa tisa gari la kampuni likasimama, tairi moja jipya. Nelson kashuka kunijulia hali, kaniletea maziwa. Maziwa nimekunywa. Yeye sijamsamehe.

Nimekaa nimetafakari kosa lilikuwa wapi. Nimelipata. Upinde ulikuwa mdogo, mwili wangu ukaudharau. Mpishi anasema upo wa paundi themanini. Nimemtumia ujumbe asimpe mtu mwingine. Baiskeli sina tena, ila Hafsa ana cherehani, na hajaigusa tangu juzi.