Majerikani Sita na Kitu Kimoja Kizito

Wakazi wote wa Kigali wanatangaziwa kwa furaha kwamba, tangu Mei 1990, nchi inao uwezo kamili wa kuopoa vitu vinavyoelea baharini kwa helikopta. Suala la bahari linashughulikiwa.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa kilabu cha Cécile, kule Rwezamenyo, na wateja wakalisomeana mpaka likachanika. Vifaa vilikuwa msaada kutoka ng'ambo: wavu mpana wenye mdomo wa chuma, wa kuning'inizwa chini ya helikopta, na koti moja la kuelea, rangi ya chungwa. Mkurugenzi wa Uopoaji, Bwana Jean-Berchmans, akawa analivaa hilo koti juu ya suti, hata kanisani.

Bahari ilichimbwa na wananchi kwa umuganda, ile kazi ya pamoja ya lazima, Jumamosi nne mfululizo, bondeni chini ya kilabu. Cécile mwenyewe alichimba, mgongo ukamuuma wiki nzima. Maji yalipojaa, likasimamishwa bango: BAHARI. NI MARUFUKU KUFUA. Halikusema lolote juu ya kupoza pombe. Basi Cécile akaelesha humo majerikani sita ya urwagwa, pombe ya ndizi aliyoitengeneza kwa ajili ya Jumapili, siku wakwe watakapokuja kumposa binti yake Mutoni. Na posa bila urwagwa, nani atafungua mdomo?

Alhamisi helikopta ya kuazima ikaja kwa majaribio, ikashusha wavu, ikazoa majerikani yote sita.

Cécile akakimbilia ghala la Uopoaji, kitenge kikimpepea. Twagirayezu, mtunza ghala na mteja wake wa kila jioni, alikuwa ameshafunga kufuli.

"Twagira, ndugu yangu, nipe majerikani zangu."

"Mama Mutoni, iko karatasi?"

"Karatasi gani? Jana umekunywa kwangu bila karatasi!"

"Ile ilikuwa nchi kavu." Akamsomea kanuni ya saba, iliyotungwa na Mkurugenzi mwenyewe: kitu kilichoopolewa hakitoki ghalani mpaka mwenye mali aje na karatasi yenye saini ya Mkurugenzi.

Mkurugenzi alimsikiliza Cécile kwa upole mkubwa. "Mama, wafadhili wanakuja kesho. Waone nini, ghala tupu? Rudi Agosti."

"Agosti? Wakwe wanakuja Jumapili!"

"Waahirishe. Bahari ina taratibu zake."

Kesho yake wafadhili wakaketishwa. Mkurugenzi akasimama ukingoni, koti la chungwa limembana tumbo, akaanza hotuba juu ya mustakabali wa pwani ya Rwezamenyo. Helikopta ikashuka. Upepo wake ukamzoa mheshimiwa pamoja na hotuba, chubwi! Koti likafanya kazi yake: akaelea vizuri sana. Rubani, aliyeagizwa kuopoa chochote kinachoelea, akateremsha wavu. Wafadhili wakasimama kushangilia.

Ghalani, Twagirayezu akaandika daftarini: *Kitu kimoja, kizito, kinaongea.* Akafunga kufuli.

"Fungua, mjinga wewe!"

"Karatasi iko wapi?"

"Mimi ndiye Mkurugenzi!"

"Mkurugenzi nilimwona akiingia baharini. Kilichotoka ni kitu. Na kitu kinahitaji mwenye mali."

Mkurugenzi akachungulia dirishani. Rwezamenyo nzima ilikuwa uwanjani, wengine wamepanda mabega ya wenzao, na hakuna aliyedai mali. Mkewe alipelekewa habari, akajibu kwamba ameinjika maharage.

Ndipo Cécile akasogea na karatasi. "Weka saini hapa, Bwana Mkurugenzi. Majerikani sita na kitu kimoja kizito, mali ya Cécile."

"Mali ya nani?"

"Au nirudi Agosti?"

Akatia saini. Twagirayezu akaipekua kanuni yote: hakuna mahali palipokataza kitu kutia saini. Wafadhili wakaondoka na nakala, ushahidi wa uopoaji wa kwanza kukamilika, kwa hiyo karatasi haikuweza kuchanwa tena.

Jumapili wakwe walipokelewa na bwana mnene mwenye koti la chungwa, akiwamiminia urwagwa bila kumwaga hata tone. Baba wa bwana harusi akamwinamia Cécile.

"Huyu naye ni nani wenu? Mjomba?"

"Hapana, mzee, ni kitu changu cha baharini. Kiko na karatasi." Cécile akainua kibuyu kijazwe tena. "Kitarudi ofisini Agosti."