Makohozi Yasubiri Jumanne

Wewe unayesoma, usijifanye hujui. Mama yako ulimpeleka makao ya wazee, ukalipa, ukageuza shingo. Basi shukuru: serikali imekuona umechoka, ikamteua Zulkarnain, mwenye cheo cha heshima cha Datuk, kuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Makao ya Wazee, akuangalizie.

Datuk alitangaza mjini Ipoh, Malaysia, kwamba tiba zote maalumu katika makao ya wazee zitatolewa na mtaalamu wa Kamati peke yake, kila Jumanne. Muuguzi asiguse kitu, isipokuwa Mwenyekiti mwenyewe atangaze dharura. Datuk aliipenda kanuni hiyo kama kifungua mimba; aliitunga kati ya chai na chakula cha mchana.

Alhamisi akaja kuizindua katika mojawapo ya makao hayo. Hotuba ilikuwa imenoga, ila mbele yake Mzee Yap, mwenye mrija wa kupumulia shingoni, alikoroma kama birika. Makohozi yamemjaa. Mashine ya kuyafyonza ipo kando yake, imefungwa utepe wa Kamati.

"Mheshimiwa, babu wa watu anazama tukimtazama," akasema Kalaivani, muuguzi.

"Binti, makohozi hayana nidhamu, ndiyo maana tumeyatungia kanuni. Jumanne si mbali."

Mzee Yap akaziba mrija kwa kidole ili apate sauti. "Na maziko yangu, mwanangu? Umeyapangia siku gani?"

Wageni wakacheka. Datuk naye akacheka. Ni mtu wa watu. Kisha jasho likamtoka, akajibwaga kitini. Ana kisukari, asubuhi alijidunga dawa ya kushusha sukari, na hotuba ikapitiliza saa ya chakula.

"Sharubati! Sukari imeshuka!" akaita Datuk.

"Sukari kwa mgonjwa wa kisukari? Hiyo si tiba maalumu, Mheshimiwa? Mtanifunga."

"We mwanamke, hii ni dharura!"

"Sijasikia. Sema kwenye kipaza sauti, baba."

"NATANGAZA DHARURA!"

Makofi. Kalaivani akakata utepe, akawasha mashine, akamsafisha Mzee Yap hadi pumzi ikapita bila kelele. Ndipo akamgeukia Datuk na glasi. Foleni ni foleni.

Datuk aliponyanyua kichwa, aligundua jambo. Hakutaja dharura ni ya nani wala ya wapi. Kwa hiyo ni ya makao yote nchini, na kila muuguzi sasa ana ruhusa. Na katika kanuni yake nzuri hamna kifungu cha kufuta dharura.

Kamati inakutana kesho asubuhi kukiandika. Ukumbi uko wazi kwa umma, viti ni vitupu kama kawaida yenu. Inuka. Mchukue mama yako, mkavijaze kabla wanakamati hawajafika, wasiifute dharura kimyakimya.