Wategemezi wa Bibi Pudentienne

Sharif wa Biryogo, ule mtaa wa Waislamu, hakuwa mwizi, na alikasirika sana akiitwa hivyo. Mwizi anachukua kitu chako nawe hutaki. Sharif alikuwa anangoja utake mwenyewe, tena umbembeleze apokee. Kwa hiyo asubuhi ile, alipopanda Gisozi, kilima cha maseremala, kuchukua kitanda kilicholipiwa na mtu mwingine (habari za kitanda tuziache, mwenyewe bado anakitafuta), akakuta watu wamejazana mbele ya ubao wa matangazo, alisimama kusoma kwa moyo mweupe kabisa.

Mpango wa Makazi Tumaini ulitangaza kwamba nyumba arobaini zimekamilika, mpya, maji ndani. Chini yake ilibandikwa orodha ya wanaosubiri, majina mia tatu na ushee, na chini ya orodha maelezo marefu ambayo hakuna aliyejisumbua kuyasoma. Sharif aliyasoma mara mbili. Kumbe kutangulia kuomba hakukusaidii kitu. Kinachokusaidia ni alama. Nyumba yako iko kwenye mteremko wa hatari, unapata alama. Una mzee aliyepita miaka sabini, alama. Una mgonjwa, alama. Kila mtegemezi anayelala chini ya paa lako, alama kumi. Mwenye dhiki nyingi kuliko wenzake anakaa juu.

"Yaani shida inapewa maksi," alijisemea, na nusura alie kwa furaha. Maisha yake yote ameuza matumaini, biashara ngumu isiyo na bei ya kueleweka. Leo amekutana na watu waliokaa ofisini wakaipangia shida bei.

"Mwanangu, nisomee namba yangu," ilisema sauti ubavuni mwake. Alikuwa bibi mwembamba, kitenge kimepigwa pasi, viatu vinang'aa. "Pudentienne. Miwani yangu imevunjika."

"Mia mbili na kumi na nne, mama."

"Mwaka jana nilikuwa mia mbili na tisa. Miaka sita nangoja, narudi nyuma tu."

Nyumba yake ilikuwa pale juu ya karakana za maseremala, mahali ambapo kilima kimesimama wima. Ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa unaopitisha mkono, na mbele maafisa walikuwa wamechora alama nyekundu: ibomolewe kabla ya mvua za Machi. Hakuwa na pa kwenda. Alilisema hilo bila kulalamika, na ndiyo sababu lilimkera Sharif, maana yeye hakupenda kuwaonea watu huruma saa za kazi.

"Unaishi na nani?"

"Na Mungu."

"Mungu hayumo kwenye fomu, mama. Na mkaguzi akija unafanya nini?"

"Nafagia. Napaka chokaa. Nampikia chai ya maziwa."

Sharif alifumba macho kama mtu aliyebanwa kidole na mlango. Hili ndilo gonjwa la mji mzima. Mgeni akisikika anakuja, hata mwenye paa bovu anadeki mpaka sakafu inateleza, halafu anashangaa kwa nini ameonekana hana shida.

Hapo mpango ukamjia kichwani, umekamilika na mguu wake na mkono wake. Bibi ana mteremko, ana umri, ana ufa, hana wategemezi. Kuna watu wenye pesa wanaoitamani nyumba ya bure ili waipangishe, nao hawana hata ufa. Basi bibi atakodishwa. Mteja ataandika kwamba anaishi pale na mama yake mzee, mkaguzi atakuja, atalia, ataandika alama, ataondoka.

"Na mimi napata nini?" aliuliza Pudentienne.

"Sukari, mchele, na blanketi."

"Zito?"

"Zito."

"Basi nitakuwa mama yao," alisema.

Mteja wa kwanza alikuwa Kagabo, mfanyabiashara wa mbao hapo hapo Gisozi, mwenye nyumba tatu zilizoandikwa jina la mkewe kwa sababu anazozijua yeye na mtu wa kodi. Wa pili alikuwa Gahongayire wa Niboye, muuza vipodozi kwa jumla, ambaye mali yake yote ilisomeka kwa jina la binti aliye ng'ambo. Kwa makaratasi, hawa wawili walikuwa maskini wa kutupwa. Sharif alimpa Kagabo Jumanne na Gahongayire Alhamisi, akapokea chake mapema kwa wote wawili, akamwomba bibi kwa magoti jambo moja tu: asifagie.

Jumanne Kagabo alifika amevaa shati la kibarua wake, anachechemea juu ya magongo mawili. Sharif aliyatazama magongo. Yalikuwa ya mvule, yamechongwa maua na kupigwa vanishi.

"Bwana Kagabo, hayo ni magongo au ni seti ya sebuleni?"

"Vijana wangu hawajui kutengeneza kitu kibaya," alijibu Kagabo, naye hakutania.

Ndani, bibi alikuwa amefagia. Alikuwa pia amechemsha chai. Kabla Sharif hajapata nafasi ya kulalamika, mlango ulifunguliwa akaingia Gahongayire, kanga ya mfanyakazi wake kiunoni, kucha zote kumi zinameremeta rangi ya damu ya mzee, na nyuma yake mkaguzi mwenyewe, dada mmoja makini aitwaye Mutesi, kishikwambi mkononi.

"Leo si Alhamisi," alinong'ona Sharif.

"Nimepigiwa simu nije leo," alinong'ona Gahongayire.

"Mukecuru, bibi yetu huyu, ndiye aliyenipigia," alisema Mutesi, ambaye alikuwa na masikio mazuri. "Ameomba maombi yote mawili tuyakague siku moja, kwa kuwa nyumba ni moja. Sasa nani ni nani hapa?"

Nyuma ya ukuta, udongo kidogo ulidondoka wenyewe. Sharif alijua amebaki na sekunde tatu, na katika sekunde tatu yeye aliwahi kuuza ng'ombe asiyekuwepo.

"Ni ndugu, dada yangu. Kaka na dada. Wote wanalelewa na mama, wote hawana pa kulala. Kila mmoja aliomba kivyake kwa kutojua."

"Na wewe?"

Sharif alivuta pumzi ya kuanza hadithi nyingine. Bibi Pudentienne akamwahi.

"Huyu ndiye kitinda mimba wangu. Mgonjwa."

"Anaumwa nini?"

"Maneno. Yanamtoka tangu mdogo, hayakatiki. Hakuna kazi iliyomweka."

"Wewe ni Pudentienne, yeye Sharif?"

"Alifuata mchumba Biryogo. Mchumba alikataa, dini ikabaki."

Mutesi aliandika vyote. Akawaeleza kwamba nyumba moja ni faili moja, na faili ni la mwenye nyumba; watu wengine wanaingia kama wategemezi. Watatu thelathini, mlemavu mmoja, mgonjwa mmoja. Akawapiga picha, akachukua namba za vitambulisho, wakaweka saini kwa kidole. Kagabo aliweka saini akimwangalia Sharif kwa namna ambayo seremala huangalia ubao kabla hajaukata.

"Tulieni," Sharif aliwaambia nje. "Jumamosi majina yanasomwa mbele ya wananchi. Majirani wanajua bibi anaishi peke yake. Watakataa, faili litafutwa, tutaanza upya na bibi mwingine."

Aliamini hivyo kweli. Desturi ndiyo hiyo: baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa mzima, watu wakishaweka chini majembe, jina linasomwa na jirani anaruhusiwa kusimama kusema huyu anadanganya.

Jumamosi Mutesi alisimama mbele ya mtaa mzima. Kwanza alikumbusha kwamba aliyedanganya kwenye fomu anapelekwa mahakamani. Kisha akasoma: namba moja kwenye orodha, Pudentienne, na wategemezi wake watatu. "Kuna mwenye pingamizi?"

Sharif alingoja kwa hamu. Mzee Rwema wa karakana ya kwanza akasimama taratibu, akamtazama bibi, akautazama ule ukuta kule juu.

"Nawafahamu," alisema. "Kagabo ameshindwa maisha toka utoto. Mama huyu amevumilia."

Mukankusi, jirani wa ukuta kwa ukuta, naye akasimama. "Huyo Gahongayire nimembeba mgongoni. Alikuwa mlafi sana wa uji."

Ikawa kama msiba, kila mtu ana kumbukumbu. Mmoja alikumbuka degedege la Sharif, mwingine alikumbuka siku Kagabo alipovunjika mguu, wakabishana kidogo ni upi. Kagabo alifungua mdomo. Mutesi akamgeukia, kalamu tayari.

"Una la kusema, mtegemezi?"

Kagabo aliikumbuka mahakama, akaufunga.

"Basi imepita," alisema Mutesi. "Na wategemezi mnakumbushwa: mnalala kwenye nyumba hiyo mpya miaka miwili. Nitakuja kukagua bila taarifa. Nisipowakuta, nitajua fomu ilikuwa ya uongo."

Machi mvua iliposhuka, ule ukuta uliondoka na nusu ya kilima, na hapakuwa na mtu ndani. Siku hiyo hiyo, katika nyumba mpya, Gahongayire alikuwa anachambua maharage na kucha zake. Kagabo alideki kwa mkono mmoja, gongo la mvule kwapani, maana ulemavu ulishaingia kwenye faili. Walikuwa hawamsemeshi Sharif isipokuwa kumwita majina, na usiku Sharif na Kagabo walilala chumba kimoja, kitanda kimoja, chini ya lile blanketi zito.

Sharif alikuwa amefunga mkoba wake. Alimkuta bibi jikoni mbele ya sufuria kubwa.

"Mama, mimi naondoka. Nimekushinda na umenishinda, tuachane kwa heri."

"Nenda, mwanangu. Mutesi akija nitasema mgonjwa wangu ametoroka. Watakutafuta kwa picha." Alikoroga kidogo. Macho yalimlowa, na hakuyaficha. "Mimi niliomba nyumba tu, mwanangu. Watoto niliwazika zamani, sikuwaza tena kupika chakula cha watu wanne. Unapenda chumvi nyingi au kidogo?"

Sharif alifungua mdomo kutafuta uongo, na haukuja hata mmoja.

"Kidogo," alisema, akaweka mkoba chini, akaenda kuosha sahani.