Nilivyomkataza Efrazia Kupima Ardhi

Jumapili, 2 Machi 2003. Endasak.

Misa imeisha saa nne. Shemeji Patriki, kaka wa mke wangu, akanidaka mlangoni mwa kanisa. Kabla sijamaliza kumsalimia akaniambia mwanawe Wolfgang ameingia mwaka wa pili chuo cha mifugo. Jumapili iliyopita aliniambia hivyo hivyo. Na ile nyingine. Akasema sasa tuna mkoa wetu wa Manyara, makao makuu yako Babati hapo, si Arusha kule tena, na kila ofisi inatafuta vijana wasomi. Halafu, huku bado anatabasamu, akasema ua wangu wa minyaa umeingia shambani kwake. Hatua tatu, kasema.

Nilicheka. Minyaa haina miguu.

Nyumbani ugali haukushuka. Hatua tatu! Nani atamnyamazisha Patriki? Mwenyekiti wa kijiji? Wanakunywa pamoja. Mpima ardhi? Yuko Babati, na mpaka afike nitakuwa nimezikwa, pengine shambani kwa Patriki. Lakini kama mpima ardhi ni mtoto wako mwenyewe, umemzaa na kumlisha?

Binti yangu Efrazia yuko kidato cha nne. Hesabu anawashinda wavulana. Fomu ya kuchagua masomo na vyuo inatakiwa irudi shuleni Ijumaa ya tarehe 14. Tatizo ni Mwalimu Basili. Kwenye kikao cha wazazi alisema kwa ukali kwamba mzazi asimchagulie mtoto kazi.

Sawa. Sitamchagulia. Atachagua mwenyewe kile ninachotaka mimi.

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi nimefungua ghala la ushirika. Mchana nimelifunga. Hakuna aliyekuja. Popo wamo, lakini wao ni wakazi. Tangu wanunuzi binafsi waanze kuleta malori mpaka shambani, mahindi hayapiti tena kwetu. Mimi Xavery ni karani wa ghala tupu. Faida yake ni moja: nafasi ya kuwaza ninayo.

Leo nimewaza hivi. Hindi linatoka kwenye mbegu. Ndama anatoka kwa ng'ombe. Hamu ya kazi inatoka wapi? Mtoto analala hana, anaamka anayo. Nani kaiweka? Imepitia wapi?

Nadhani inaingia kwa macho.

Jumanne, 4 Machi

Wapimaji wako barabara ya Katesh wanapima viwanja. Bahati iliyoje! Efrazia aliporudi shuleni nilimtuma apeleke debe la maharage kwa shangazi yake, na nikamwambia apite barabarani, si njia ya mkato. Nikamfuata kwa mbali. Nikajificha nyuma ya kichuguu.

Alisimama. Mpimaji, kijana anaitwa Joakimu, alimruhusu achungulie kwenye kile chombo chao cha miguu mitatu. Akachungulia. Nilihesabu mpaka mia mbili, bado anachungulia. Akauliza kitu. Kijana akajibu. Akauliza tena. Nikasogea nisikie, na hapo ndipo siafu waliponipata. Walikuwa wamepanda mpaka kiunoni. Nilikimbia kupitia mahindi ya watu huku navua suruali. Mama mmoja aliyekuwa anapalilia aliniamkia shikamoo bila kuinua macho. Nimemshukuru moyoni.

Jioni nikamuuliza Efrazia, kama mtu asiyejali, barabara ilikuwaje. Akasema nzuri, baba. Basi! Hakula sana. Alikaa anaangalia moto, hasemi, hasikii anaposemeshwa. Sura ya mtu aliyechoshwa kabisa na alichokiona.

Macho hayafanyi kazi. Inapita mahali pengine.

Jumatano, 5 Machi. Majivu.

Nikiwa na jivu langu kwenye paji la uso nimeanza uchunguzi. Nimewauliza watu wenye kazi nzuri walizipataje.

Wa kwanza Glory, nesi wa zahanati. Alisema baba yake alimkataza. Alimwambia binti anayeshika wagonjwa haolewi. Kadiri alivyokatazwa ndivyo alivyozidi kutaka, mpaka akatoroka kwenda kufanya mtihani wa kuingia chuoni.

Wa pili Pascal, dereva wa lori la mahindi. Baba yake alimkataza. Alimchapa kila alipomkuta amekaa kwenye usukani wa trekta la misheni. Pascal anasema kila fimbo ilikuwa kama kumwagia maji mche.

Nilibaki na wa tatu. Nikatafuta mtu ambaye hakukatazwa, bali alitiwa moyo, akaelekezwa, akashikwa mkono na baba yake mpaka mlango wa ofisi. Nikampata. Ni mimi. Marehemu baba alisema: Xavery, nenda ushirika, ushirika haufi.

Jibu liko wazi kama jua juu ya mlima Hanang! Hamu inapita kwenye katazo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekataza.

Tulikuwa tunakula. Nikaweka tonge chini, nikakohoa, nikasema kwa sauti nzito: katika nyumba hii hakuna mtu atakayekuwa mpima ardhi. Mke wangu Letisia akauliza kwani nani kasema anataka. Nikamwambia asiingilie.

Efrazia aliniangalia, kisha akaangalia sahani. Akasema, "Ndiyo, baba."

Nasubiri uasi.

Ijumaa, 7 Machi

Uasi haujaja. Nimeongeza nguvu. Nimesema wapimaji wanaumwa na nyoka. Wanalala porini. Wanakufa bila mume. Akasema nimesikia, baba. Akaenda kukata majani ya ndama.

Hapo ndipo nikaona daftari lake juu ya kiti. Sikulipekua. Lilifunguka lenyewe nilipolifungua. Ndani mna mchoro. Shamba letu! Nyumba, zizi, mti wa mparachichi, kila kitu mahali pake, na hatua zimeandikwa pembeni kwa namba ndogo ndogo. Mbegu imeota!

Kisha nikaangalia upande wa Patriki. Yale mawe mawili makubwa ya mpaka, waliyoweka wazee wetu, kayachora. Kapiga mstari mnyoofu kutoka jiwe hadi jiwe. Halafu kachora ua wangu wa minyaa. Umevimba kuelekea kwa Patriki kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi. Pembeni ameandika: hatua tano.

Tano! Hata Patriki alisema tatu.

Ni kweli mwaka ule minyaa ilipokauka niliipanda upya, na Patriki alikuwa Mbulu msibani. Mtu akipanda peke yake anaweza kukosea kidogo. Mwaka uliofuata akakosea tena kidogo.

Nilichana ukurasa nikautia motoni. Nilipogeuka, Efrazia alikuwa amesimama mlangoni na mzigo wa majani kichwani. Aliuangalia moto. Mimi pia. Karatasi ya daftari inaungua haraka kuliko unavyofikiri.

Jumapili, 9 Machi

Letisia anasema mtoto analia huko jikoni. Nikauliza analia kwa hasira au kwa huzuni. Akaniuliza mimi ni baba wa namna gani. Nikamweleza kwamba swali ni la kitaalamu: hasira ndiyo inayoleta uasi, huzuni haina matumizi. Letisia amechukua kigoda chake akaenda kukaa nje.

Nimejipa moyo. Pascal naye alilia.

Patriki alikuwepo kanisani. Wolfgang amemchoma ng'ombe sindano, na ng'ombe amepona. Leo sikucheka. Hatua tano ni nyingi ukizipita kwa miguu. Nimezipita mara tatu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda shuleni. Mwalimu Basili akanipokea vizuri. Akasema hongera, Efrazia amekuwa wa kwanza kurudisha fomu.

Nikaomba kuiona. Nilitafuta neno ardhi. Nikalitafuta tena nyuma ya karatasi. Halipo. Chaguo la kwanza: chuo cha ushirika. Ukarani.

Mwalimu akasema alishangaa, kwa sababu wiki iliyopita binti alimuuliza mambo ya upimaji kila kipindi, hata kipindi cha dini. Alipomuuliza kwa nini amebadili, alijibu kwamba baba hapendi, na kwamba anataka kufanya kazi ya baba.

Kazi ya baba! Kufungua mlango asubuhi, kuufunga mchana, na kuwasalimia popo katikati!

Mwalimu aliniletea maji. Akasema fomu nyingine ipo, inajazwa upya ikiwa na sahihi za wazazi wote wawili, mwisho Ijumaa.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi nzima natafuta njia ya kurudisha neno bila kulirudisha. Mpango wa kwanza: niseme nilikuwa na homa. Mpango wa pili: nimtume Padri. Mpango wa tatu: nimkataze ushirika. Huu niliupenda, lakini Letisia aliusikia kwa sababu nawaza kwa sauti. Akasema, "Baba Efrazia, mfuate mtoto. Kwa mdomo wako, si kwa mipango yako."

Nimemkuta kisimani. Nikambebea ndoo, jambo lililomtisha kuliko yote. Tulikwenda mpaka penye mteremko.

Nikamuuliza kwa nini ushirika. Akasema, "Kila siku unafungua ghala hata kama hakuna mahindi. Nikajua unaipenda ile kazi. Nilidhani utafurahi."

Nilitua ndoo. Nikamwambia yote. Fomu, kichuguu, siafu, Glory, Pascal, katazo. Alinisikiliza mdomo wazi.

"Kwa hiyo baba ulitaka niwe mpima ardhi?"

"Tangu mwanzo."

"Na mimi nilitaka. Tangu nilipochungulia kile chombo. Unaona mti wa mbali kabisa, lakini umegeuka kichwa chini, na bado unajua uko wapi. Mbona hukuniuliza?"

Nilisema sikujua kama inaruhusiwa. Kweli, sikujua. Mimi hakuna aliyewahi kuniuliza.

Akafikiri kidogo. Kisha akauliza, "Wewe baba ulitaka kuwa nani?"

Miaka arobaini na saba, na ni mara ya kwanza nasikia swali hilo! Nilikaa chini. Nilitaka kuwa fundi saa. Kulikuwa na mzee mmoja Mbulu mjini aliyefungua saa, akazitandaza juu ya kitambaa cheupe, akazirudisha, zikaanza kwenda. Nilikuwa nasimama dirishani kwake mpaka anifukuze. Sikuwahi kumwambia mtu. Nimemwambia Efrazia pale mteremkoni, kidogo nione aibu, lakini hakucheka.

Halafu akasema polepole, "Na mchoro wangu?"

Nilitumaini amesahau. Nikasema ukweli: niliuchoma kwa sababu ya zile hatua tano.

"Baba, nikianza kazi kwa kuogopa ua wa nyumbani, nitapima nini huko nje?"

Nilibeba ndoo.

Jumatano, 12 Machi

Tumejaza fomu mpya. Letisia ameweka sahihi kwanza, kwa herufi kubwa. Efrazia ameipeleka mwenyewe.

Mchana tumeita Patriki. Efrazia alimwamkia, akaomba ruhusa, akafunga kamba jiwe hadi jiwe. Watu watano walikuja kuangalia, kisha kumi na watano. Kamba ilipokazwa, minyaa yangu yote ilibaki upande wa Patriki. Nilijiandaa kwa kicheko chake. Badala yake alimtazama Efrazia akasema mtoto huyu ana mkono ulionyooka. Akaniuliza nilimfundisha vipi.

Nimesema ni siri ya nyumbani.

Kesho naanza kung'oa minyaa. Patriki atanisaidia. Ametaja Wolfgang mara mbili tu.

Jumamosi, 15 Machi

Mgongo unauma, lakini kichwa kinafanya kazi vizuri. Nimekaa na jambo hili na kulipima upya. Nilimkataza mtoto. Mtoto amekuwa anachotaka baba. Hatua za katikati zilikuwa na vumbi kidogo, lakini mwisho ndio huo. Kwa maneno mengine: njia yangu imefaulu!

Mnadani leo nimekutana na Gidamis, mfugaji wa Getanuwas. Mtu mwema mwenye huzuni. Mwanawe yuko darasa la tano na hapendi shule. Gidamis anatamani siku moja mtoto awe bwana mifugo, avae koti jeupe, atibu ng'ombe wa ukoo mzima. Anambembeleza kila asubuhi.

Nilimwambia hapo ndipo anapokosea. Nikamweleza siri. Amkataze shule. Aanze leo, kwa ukali, mbele ya mashahidi. Baada ya wiki mtoto atakuwa analia apewe daftari. Gidamis aliniangalia kwa mshangao mkubwa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Sikumtoza kitu. Maarifa ni ya kugawana.

Alhamisi, 27 Machi

Gidamis amekuja ghalani. Ametembea tangu alfajiri. Alimkataza mtoto shule, kwa ukali, mbele ya mashahidi, kama nilivyoelekeza. Mtoto akasema ndiyo, baba. Akavunja kalamu, akambusu mama yake, akachukua fimbo, akaondoka na ng'ombe wa mjomba kuelekea malishoni, mbali kule Yaeda Chini. Mashahidi walimsifu kwa utii.

Gidamis anauliza sasa afanye nini. Mwalimu Basili, aliyekuwa anapita, akasema amfuate, akae naye, amuulize anapenda nini. Nilimsubiri mwalimu aende zake. Kisha nikamkalisha Gidamis juu ya gunia tupu, nikamwambia asiwe na wasiwasi, dawa ipo na ni ile ile, tatizo ni kipimo kilikuwa kidogo. Atume ujumbe Yaeda Chini leo hii kwa mtu mwenye sauti kubwa: mtoto amekatazwa kabisa kurudi nyumbani.