Ombi la Kuipinga Sheria ya Kasi Sawa ya Intaneti

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mawasiliano,

Natumai u mzima na mtandao wako haukwami. Mimi ni mume na baba wa watoto watatu. Nimesikia redioni kuwa ofisi yako inataka kuzikataza kampuni za intaneti kuwapa baadhi ya wateja njia ya mbio na wengine njia ya konokono. Naomba kwa heshima sheria hiyo isipite:

1. Usawa umeniharibia nyumba. Nikitazama mpira, watoto wanacheza gemu na mama mkwe anasikiliza mahubiri chumbani. Goli naliona jirani akiwa ameshamaliza kushangilia.

2. Hivyo nilimwita fundi, akakipanga kisanduku chetu cha intaneti kwa madaraja: mimi mbele, watoto wanifuate, mama mkwe mkiani. Nilistarehe kama mfalme. Kumbe shemeji yangu aliye ng'ambo amejifungua! Akapiga simu ya video ili bibi amwone mjukuu. Mama mkwe alivaa gauni jipya, akajipaka mafuta, akaketi. Likatokea sikio. Sikio likaganda.

"Mbona mtoto hana uso?" akauliza.

Nikamwambia sikio amerithi kwake. Hakucheka. Alilishika lile sikio kwa kidole, kwenye kioo, mpaka simu ikakatika.

3. Mke wangu alipogundua, alipakua chakula kwa madaraja: mama yake, watoto, paka, ndipo mimi. "Foleni ni foleni, baba watoto," akasema. Mheshimiwa, huo ni uonevu mtupu! Ubaguzi unahitaji mtu mwenye busara wa kuusimamia, na nyumbani kwetu mtu huyo ni mimi.

4. Utaratibu huu ukikubalika, naomba uhusishe pia bafu, rimoti na upande wa kitanda ulio karibu na feni.

Nisalimie makarani wako wote, na yule mlinzi wa getini aliyenizuia kukuona ana kwa ana.

Wako mtiifu,
Kichwa cha Familia

N.B. Nilisahau kwamba mkataba wa intaneti una jina la mke wangu. Amebadilisha neno la siri na kuniweka daraja la wageni. Barua hii imegoma kuondoka tangu asubuhi, sasa naituma kwa simu ya mama mkwe, aliyenipa bila kuniuliza neno. Pitisha sheria, Mheshimiwa. Hata leo.