Siku Waitara Alipompisha Mama Efrazia Kinamasini

Nyamazeni wa Tarime, masikio yategeni,
Niacheni nisimame, nina jambo la thamani,
Si vita vya mfalme, wala nyara za mgeni,
Ni hatua moja fupi, moja tu, ya matopeni.

Sogeeni basi, enyi wachungaji wa vilima na wapalilia ulezi wa mabondeni, nanyi wenye maduka mjini mnaodhani makuu yote hutendeka kwenye lami. Mwaka wa 1956, mvua za masika zilipokwisha kupiga na mto Mara ukiwa bado haujarudi kitandani mwake, alitokea miongoni mwetu Waitara mwana wa Mniko, Waitara Mwenye Shingo Ndefu, Waitara Ngurumo Isiyo na Mvua, kijana ambaye alipopiga chafya alieleza kwanza jinsi chafya yake inavyozipita chafya za wengine.

Huyu shujaa alikuwa na jeraha. Alimtaka Efrazia, na baba yake Efrazia alikubali, na ng'ombe walitajwa mmoja mmoja kwa rangi zao. Lakini mama yake Efrazia aliikataa posa. Aliwaambia washenga maneno machache, nao wakayabeba kama watu waliobebeshwa mawe: "Kijana yule sijamwona akimpisha mtu yeyote, mlangoni wala njiani wala katika mazungumzo. Binti yangu amsikilize mpaka lini?" Miaka miwili posa ililala hapo, kama ng'ombe aliyegoma kuvuka mto.

Ndipo akaja Bwana Flini. Alikuwa mwalimu, mrefu, mwekundu wa shingo, mzaliwa wa nchi iitwayo Ayalandi, na kila shule ilipofungwa alichukua fimbo yake akatembea. Hakufuata ng'ombe waliopotea wala hakupeleka habari ya msiba. Jioni ya kwanza mzee Nyangwine, ambaye ndevu zake zimeamua kesi nyingi kuliko mahakama, alimhoji mbele yetu sote.

"Kwenu mnatembea hivi?"

"Sana, mzee. Kuna maziwa madogo kati ya vilima, na vinamasi vikubwa, na njia za miguu zinazopita humo. Jumapili watu huvaa buti wakalizunguka ziwa."

"Wakitafuta nini?"

"Hawatafuti kitu."

"Na wakishalizunguka?"

"Wanakuwa wamefika pale walipoanzia."

Mzee Nyangwine aliitazama fimbo ya mgeni kwa muda wa kutosha kukamua ng'ombe wawili. Kisha mgeni akaongeza kwamba kwao watu hulikata tope la kinamasi kwa jembe, vipande kama matofali, wakalianika juani na kulipikia chakula. Hapo baadhi ya akina mama waliondoka, kwa sababu uongo una mipaka yake. Stanslaus, rika la Waitara, ambaye hakupenda kupitwa na kijana yeyote, alisema, "Huyu apelekwe Nyakorema. Kule kuna kuni za miaka mia."

Nyakorema ni kinamasi chetu. Kimelala kati ya mabwawa mawili yanayong'aa kama macho ya fisi, mafunjo yamesimama humo kama jeshi lenye mikuki, na njia yake ni moja tu: matita ya mafunjo yaliyolazwa juu ya tope, upana wa unyayo mmoja, urefu wa mwito wa mtu mwenye sauti nzuri. Anayekanyaga pembeni huzama mpaka kifuani. Stanslaus mwenyewe alishakanyaga pembeni mwaka uliotangulia, na suruali yake imo humo hadi leo.

Bwana Flini aliposikia habari hiyo uso wake uling'aa kama wa mtu aliyetajiwa nyumbani kwao. Akaomba kiongozi. Waitara akasimama, akairefusha shingo, akanena.

"Enyi watu, mnanijua. Babu yangu aliivuka Nyakorema akiwa amebeba ndama. Baba yangu aliivuka akiwa na homa. Mimi nitaivuka kesho nikiwa na viatu hivi vyeupe vya turubai, nilivyovipaka chaki kwa mikono yangu, na mgeni huyu atakuwa nyuma yangu kama mkia wa simba. Tone moja la tope likivigusa, sitafungua mdomo mbele ya mtu mpaka ulezi wa mwaka ujao uvunwe. Naapa kwa ng'ombe wa baba yangu."

"Rudia hapo mwisho," alisema Stanslaus, "watu wote wasikie."

Akarudia. Hakuwahi kukataa kurudia jambo alilosema mwenyewe.

Kulipopambazuka, ukingo ulijaa watu. Waitara akaingia kinamasini kama jemadari aingiavyo ngomeni, akikanyaga tita baada ya tita, na kila tita lilipozama kidogo yeye alikwisha kuliacha. Vyura walinyamaza. Korongo waliruka. Bwana Flini alimfuata kwa hatua fupi, akigusagusa tope kwa fimbo, akisema peke yake kwa lugha ya kwao. Walifika katikati, mahali ambapo mabwawa yote mawili huonekana kwa pamoja, na viatu bado vilikuwa vyeupe kama maziwa ya asubuhi. Waitara alikuwa ameanza kujieleza.

"Tazama, Bwana Flini, tazama hatua hii. Wengine hutanguliza kisigino. Mimi—"

Akakoma. Mbele yake mafunjo yalifunguka, na katika njia ile ya unyayo mmoja akatokea mwanamke mwenye kapu la unga wa ulezi kichwani, akirudi kutoka kwa dada yake ng'ambo, alikokuwa amelala siku tatu. Alikuwa mama yake Efrazia.

Sikilizeni vizuri, nyinyi ambao si wa kwetu. Kwetu mwanamume hakutani na mama mkwe wake njiani. Hamtazami, hamgusi, hamtaji jina, hampiti karibu. Akimwona kwa mbali huiacha njia akaingia porini mpaka apite, na hata mwenye posa ambayo haijakubaliwa hushika adabu hiyo, kwa kuwa nia yake imekwisha kujulikana. Lakini ni pori gani litakaloingiwa pale? Kulia tope, kushoto tope, nyuma Bwana Flini, mpana kama mlango wa ghala.

Na msisahau kwamba heshima hii hushikwa na pande mbili. Mama Efrazia alikwisha kumwona. Aligeuza uso, akauvuta upande wa kanga usoni, akashika kapu kwa mkono mmoja, na mguu wake wa kulia ukaanza kushuka kuelekea matopeni.

Hapo ndipo vita vilipopigwa, na vilidumu muda wa pumzi moja. Mama mzima azame Nyakorema na unga wake ili kijana aliyemkataa abaki mkavu? Aibu hiyo wajukuu wangeirithi. Upande mmoja walisimama viatu, kiapo na jina la babu na ndama wake. Upande wa pili ulisimama mguu mmoja wa mama mtu mzima, nao ulikuwa ukishuka. Waitara hakutoa hotuba. Aliruka. Aliruka kabla ule mguu haujagusa maji, akaingia upande wa bwawa kubwa, na tope likampokea kwa sauti ambayo ukingoni tuliisikia wote, likapanda magotini, kiunoni, likasimama kwapani. Akageuza kichwa kuelekea majini, akafumba macho.

Mguu wa mama ukarudi juu ya tita. Alikuwa ameshindwa, ametanguliwa kupisha, na sijaona mtu aliyeshindwa akisimama vizuri namna ile.

Bwana Flini naye, kwa ujuzi wa kwao, alipata kituta cha majani kigumu pembeni, akasimama juu yake kwa mguu mmoja kama korongo. Mama Efrazia akapita. Alipofika kwa mgeni akasimama, mgongo wake ukiwa kwa Waitara.

"Shikamoo, mama," alisema Bwana Flini, kwa kuwa hakujua jambo jingine la kusema.

"Marahaba. Mgeni, mwambie huyo aliye upande wa bwawa kwamba nimepita."

"Lakini mama, anakusikia. Yuko hapa."

"Mwambie."

"Waitara, amepita."

Tope lilikuwa limekwisha kugusa viatu, na kiapo ni kiapo. Waitara hakujibu.

"Hajibu," alisema Bwana Flini.

"Hajibu?" Mama alisimama kimya akisikiliza, kama mtu anayengoja ngurumo baada ya radi, na ngurumo isije. "Mwulize kama ameumia."

"Umeumia, rafiki yangu?"

Kimya. Chura mdogo alimpanda shingoni, naye akamstahi.

Mama Efrazia aliliweka kapu sawa kichwani. "Basi mwambie ulezi ukivunwa tena wazee wake waje. Waje mapema, jua halijawa kali." Akaenda zake, miguu yake mikavu.

Mgeni alimvuta shujaa kwa fimbo yake, akafika naye ukingoni, mmoja mkavu na mmoja mweusi kama chungu. Stanslaus alikuwa ameandaa maneno ya mwaka mzima. "Karibu, kambare wetu," alianza. "Umeiona suruali yangu huko chini?"

"Nyamaza wewe," alisema mzee Nyangwine. "Suruali yako ilizama kwa uzembe. Baba zetu walihesabu miaka kwa nzige, kwa ndui na kwa njaa. Huu utahesabiwa kwa kijana aliyempisha mkwe mahali pasipo na pa kupishia. Andikeni hivyo, nyinyi mnaojua kuandika."

Nami niliandika, kwa sababu mwenye habari yake hakuweza kuisimulia. Alichunga, alilima, alikunywa pombe na wenzake, na hakusema. Watu wa vijiji vitatu walikuja kumtazama akiwa hasemi.

Ulezi ukavunwa. Siku ya posa ukumbi wa wakwe ulifurika, kila mtu akiwa amekula kwanza, maana tulijua maneno ya mwaka mzima yatatoka kwa pamoja. Stanslaus alileta kigoda chake mwenyewe. Mama Efrazia alikuwa ndani, nyuma ya ukuta, akisikiliza. Waitara mwana wa Mniko akasimama, akairefusha shingo, akatazama wazee wote.

"Shikamooni," alisema.

Kisha akajibana kwenye benchi, akamwachia nafasi mtu aliyechelewa.