Kombe la Kibao cha Fanueli

Jumatatu, 5 Julai 1954
Binti yangu Mwanasiti anaolewa Ijumaa ya wiki ijayo. Mimi nimebakiza mwezi mzima jela. Nisipokuwapo, atakayemwozesha ni ndugu yangu Idarusi. Idarusi, anayekohoa katikati ya Fatiha!
Lakini Mungu hamtupi mja wake. Bwana Jela katangaza: mfungwa atakayeandika barua kwa herufi za Kizungu mbele yake Jumatatu ijayo atasamehewa mwezi. Nimejiandikisha. Nimesoma vitabu vya Kiarabu kabla askari hawa hawajaota meno. Hata shajara hii naiandika kwa herufi za Kiarabu, za chuoni. Herufi za Kizungu zitanishinda?

Jumanne, 6 Julai
Zimenishinda. Zinatoka kushoto, mkono wangu unatoka kulia. Kombo, mfungwa mwenzangu, mvuvi wa Makorora, kaandika jina lake mara tatu. Akaniambia shikamoo mzee wangu, nikushike mkono kama mwali? Darasa zima likacheka.
Msumarini kuna kibao cha Fanueli, mfungwa Mbondei aliyekufa kwa homa mwezi wa tano, kabla hajamaliza masomo. Kina mstari mmoja wa chaki. Kombo akausoma kwa kukongoja: Mama, mimi Fanueli. Mwalimu Rafaeli akasema kifuteni. Nikafuta mwenyewe.

Jumatano, 7 Julai
Mstari umerudi. Na wa pili chini yake! Darasa hufungwa kwa kufuli, ufunguo anao Rafaeli. Akasema jamani, tutazame ubao mkubwa. Jasho lilimtiririka.

Ijumaa, 9 Julai
Mistari minne. Upande ule wa benchi kuna baridi, wenzangu wamehama. Mimi nimepata wazo.
Kwetu Mtang'ata, ambako sijakanyaga miaka thelathini na mmoja, mtoto mzito wa kusoma huandikiwa aya kwa zafarani sahanini, zikaoshwa, akanywa yale maji. Kombe. Nimeona mapunguani wakihifadhi juzuu. Na hapa elimu inaandikwa bure, na mtu asiye na haja nayo! Nikaosha kibao kwa kata ya maji, nikanywa. Kombo akasema mzee Shekhe, kombe ni maneno ya Mungu, si ya maiti. Wivu tu.
Maji yalikuwa na ladha ya udongo.

Jumamosi, 10 Julai
Mkono unaandika! Kushoto kwenda kulia, kama maji ya mfereji. Sijui unaandika nini. Nikitaka kuusimamisha hausimami. Hilo dogo. Haya nayaandika kwa mkono wa kushoto.

Jumatatu, 12 Julai
Mtihani. Mkono ukajaza kurasa mbili. Bwana Jela akasema hajapata kuona barua nzuri kama hii. Karani akaisoma kwa sauti: Mama, mimi Fanueli. Nilikuahidi nitakuandikia kwa mkono wangu. Usiuze mbuzi. Siko peke yangu tena, yupo mzee mmoja ananibeba.
 Nikapiga kelele kwamba mimi ni Shekhe. Bwana Jela akasema basi andika Shekhe. Nikashika kalamu. Mkono ukaandika Fanueli. Mara saba.
Karani akasema msamaha huandikwa kwa jina lililo chini ya barua, na huyo keshatoka, kwa jeneza. Kombo kapata mwezi wake. Kesho yu huru.

Ijumaa, 16 Julai
Idarusi kamwozesha. Kombo alihudhuria! Kaniletea pilau mpaka langoni. Kasema Mwanasiti alimuuliza baba yake yukoje, akalia, Idarusi akakohoa. Nilikula kwa mkono wa kushoto, Mungu anisamehe. Wa kulia ulikuwa ukiandika mchangani.

Jumamosi, 17 Julai
Mume anamhamishia Mwanasiti Pemba mwisho wa mwezi. Nami nitatoka mwezi wa nane!
Lakini karani kasema atakayefuzu useremala atapunguziwa wiki. Nitamwahi. Karakanani kuna randa ya Manase, fundi aliyefariki mwaka juzi. Wanasema haiguswi, lakini kila asubuhi chini yake hukutwa maranda mapya.
Nimeokota konzi mbili. Maji yanachemka.